Saa ya Buenos Aires mezani kwangu

Msomaji mpenzi, juma hili nina ungamo. Mwezi uliopita nilimweka mzee wa watu barazani kwake tangu asubuhi hadi mchana, akinisubiri nije na kinasa sauti, nami sikutokea. Sikuwa mgonjwa, gari halikuharibika, wala foleni za Dar es Salaam hazikunizuia. Nilikuwa nyumbani, nimetulia mbele ya kompyuta niliyoitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe ili inionyeshe saa za Kiswahili. Na saa hizo ndizo zilizoniponza.

Kabla sijafika huko, hebu kwanza tuelewane kuhusu kompyuta yenyewe. Niliinunua ikiwa imekwisha kutumika, na ni nzee kiasi kwamba mifumo mipya ya kununua haiiwezi. Kijana mmoja fundi akanishauri niweke Linux, ambayo ni programu huria. Maana ya huria si bure tu. Maana yake ni kwamba maandishi yaliyotumika kuiunda hayafichwi: yeyote anaweza kuyasoma, kuyabadili na kumpa mwenzake.

Wazo hilo lina historia. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, akitaka kuwe na mfumo mzima wa kompyuta ambao watumiaji wake wana uhuru nao. Mwaka 1991 Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Finland, akatangaza kiini cha mfumo alichokuwa akikiandika. Vitu hivyo viwili vilipounganishwa, pakapatikana mfumo kamili ambao leo unaendesha sehemu kubwa ya mitambo ya intaneti duniani.

Lakini mimi na wewe tukiwasha kompyuta hatukioni hicho kiini. Tunachokiona kwenye kioo, yaani menyu, picha ndogo za kubonyeza, utepe wenye saa na madirisha, ni kazi ya programu nyingine zilizowekwa juu yake. Chukua mfano wa daladala. Injini na chesesi ni moja, ila bodi huchongwa na mafundi mbalimbali, na kila fundi ana mtindo wake. Kwa upande wa Linux, bodi inayoitwa KDE ilianza mwaka 1996, Xfce mwaka huo huo, na GNOME mwaka 1997. Ziko nyingine nyingi, na mtumiaji yuko huru kuchagua.

Hapo ndipo raha inapoanza, na karaha nayo inaanzia hapo hapo.

Raha ni kwamba karibu kila kitu unachokiona unaweza kukigusa. Utepe ukiutaka juu, unakaa juu. Maandishi ukiyataka makubwa kwa ajili ya macho yaliyochoka, yanakuwa makubwa. Karaha ni kwamba bodi hiyo haikuchongwa na fundi mmoja. Dirisha limetengenezwa na kundi hili, menyu na kundi lile, na programu ya kusomea barua na kundi la tatu ambalo huenda halijawahi kuonana na hayo mawili. Unabadili rangi kwenye mipangilio, programu tatu zinatii na ya nne inabaki na rangi yake ya zamani. Unatafuta kosa lako usiku kucha, kumbe hukukosea: ile ya nne inasoma faili jingine la mipangilio, ambalo jina lake linaanza na nukta ili lisionekane ovyo.

Karaha ya pili ni ya matoleo mapya. GNOME, kwa mfano, hutoa toleo jipya mara mbili kwa mwaka, mwezi Machi na mwezi Septemba. Mtu akitaka jambo ambalo halimo kwenye mipangilio, huongeza viprogramu vidogo vilivyoandikwa na watumiaji wenzake. Viprogramu hivyo huandikwa kwa kulenga toleo fulani. Toleo la 45 lilipotoka Septemba 2023, utaratibu wa kuviandika ulibadilishwa, na vile vya zamani havikuweza kufanya kazi mpaka wenyewe wavirekebishe. Na wenyewe wengi ni watu wa kujitolea. Kama fundi wako ameoa, amehama au amechoka, ndiyo basi tena.

Watu huchukizwa na mabadiliko ya namna hiyo, na kwa kuwa programu ni huria, wengine huchukua hatua. GNOME ilipobadilisha sura yake kwa kiasi kikubwa mwaka 2011, mtumiaji mmoja wa Argentina alichukua ile ya zamani akaiendeleza kwa jina la MATE, ambalo ni jina la kinywaji cha majani kinachopendwa kwao. MATE ipo mpaka leo. Kwa hiyo uhuru huu si wa maneno matupu. Ila unadai mtu wa kuubeba.

Na mimi, msomaji mpenzi, nikataka kuubeba wangu.

Nilianza na lugha. Ukichagua Kiswahili cha Tanzania, mfumo unakubali, kwani umo kwenye orodha yake. Siku ya Jumatatu inaitwa Jumatatu, na mwezi wa Januari unaitwa Januari. Lakini menyu zinakuja chotara: neno hili Kiswahili, linalofuata Kiingereza. Sababu yake ni rahisi. Tafsiri huwekwa sentensi kwa sentensi, na pale ambapo hakuna aliyeitafsiri, programu inaonyesha maneno yake ya asili. Kila neno la Kiingereza unaloliona hapo ni kazi inayomngoja mtu. Wako waliokwisha kuifanya: mwaka 2004 mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi katika Kiswahili. Kazi ya namna hiyo haishi, maana kila toleo jipya huja na maneno mapya.

Menyu chotara nilizivumilia. Nilichoshindwa kukivumilia ni saa.

Sisi, kama tunavyojua, tunahesabu saa tangu jua linapochomoza. Karibu na ikweta jua halina kigeugeu kikubwa, huchomoza na kuzama karibu nyakati zile zile mwaka mzima, kwa hiyo hesabu yetu ina mantiki. Wahabeshi nao wana hesabu kama hiyo. Lakini kompyuta inaniandikia 10:00, nami kichwani natafsiri: saa nne. Nikajiuliza, mashine niliyo huru kuibadili yote, kwa nini nisiifundishe saa za kwetu?

Nikaingia kwenye mipangilio ya saa. Nikakuta naweza kuchagua saa 24 au saa 12, sekunde zionekane au zisionekane, tarehe itangulie au ifuate. Mahali pa kuandika «punguza sita» hapakuwapo. Hapo ikabidi nijifunze kompyuta inavyoutazama wakati, na hilo nataka tulielewe vizuri, maana ndilo kiini cha mkasa wote.

Ndani ya mfumo wa Linux hakuna saa nne wala saa kumi. Kuna hesabu moja ya sekunde, iliyoanza tarehe 1 Januari 1970, saa sita usiku kwa majira ya Greenwich. Hesabu hiyo ni moja kwa kompyuta zote, ya Tandika na ya Tokyo. Kinachotofautiana ni namna ya kuionyesha. Mfumo unachukua hesabu, unatazama umeambiwa uko wapi, kisha unaongeza au kupunguza masaa. Ukiuambia uko Dar es Salaam, unaongeza matatu juu ya Greenwich.

Sasa fanya hesabu pamoja nami. Saa ya Kiswahili iko nyuma ya saa ya Kizungu kwa masaa sita. Kama Dar es Salaam iko mbele ya Greenwich kwa matatu, ukitoa sita unapata matatu nyuma ya Greenwich. Je, mji gani uko hapo? Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina! Kwetu ikiwa saa moja asubuhi, saa ya Buenos Aires inaonyesha 1:00, na wao bado wamelala. Kwetu ikiwa saa nne, kwao 4:00. Nilicheka peke yangu usiku ule. Nikaiambia kompyuta yangu kwamba iko Argentina, na papo hapo utepe ukaanza kunisomea saa za Kiswahili bila kukosea.

Nilijiona fundi wa mafundi. Watoto niliwaita waje kuona.

Kosa langu lilikuwa hili. Ile saa ya kwenye utepe ina mpangilio wake peke yake. Ningeweza kuihamishia Argentina yenyewe tu, nikauacha mfumo ubaki Tanzania. Kwa haraka zangu niliuhamisha mfumo mzima. Kalenda ikahamia, tarehe na saa za mafaili ya mahojiano zikahamia, na barua pepe zikaanza kujionyesha kwa saa za huko. Nilikuwa nimebadili zaidi ya kile ninachokiona. Nilibadili pia kile ambacho programu nyingine zinakitegemea.

Wiki iliyofuata nikapata karatasi ya ofisi: mahojiano na mzee mmoja mstaafu wa reli, saa 10:00. Karatasi za ofisi huandikwa kwa saa za Kizungu, yaani saa nne asubuhi. Mimi nikaandika 10:00 kwenye kalenda kama nilivyoiona. Siku ilipofika nilitazama kalenda, nikasoma kwa macho niliyokwisha kuyazoesha: saa kumi jioni, muda upo. Kengele ya kunikumbusha ikalia saa tisa na nusu alasiri, kwa utii kabisa, kwani Buenos Aires ilikuwa inakaribia saa 10:00.

Nilipofika, binti yake alinipokea mlangoni. Akasema baba alivaa kanzu tangu saa tatu, akakaa barazani, na adhuhuri ilipopita akaondoka kurudi kwao Tabora kama alivyokuwa amepanga. Nilimpigia simu.

«Shikamoo, mzee.»

«Marahaba, mwanangu. Saa nne ya redio siku hizi ni saa ngapi?»

Nikamweleza yote, na Argentina yangu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba enzi zake kazini, aliyegusa swichi ya reli aliandika kitabuni: nani ameigusa, saa ngapi, na kwa nini, ili anayekuja zamu asiipeleke treni kusiko. «Wewe uliandika?»

Sikuwa nimeandika popote.

Msomaji mpenzi, nimelitafakari sana swali la mzee yule. Mtu aliyenunua mfumo uliofungwa analalamika kwamba hawezi kubadili kitu. Sisi wa programu huria tunaweza, na kwa sababu hiyo tunajisahau. Kila badiliko ninalolifanya linanifanya mimi kuwa fundi wa mashine ile, na fundi asiyeandika alichokigusa huja kutegwa na kazi yake mwenyewe. Waswahili wamesema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nami naongeza: akiinama, akumbuke alikopita.

Kwa hiyo nimejiwekea taratibu nne, nazo nakupa bila malipo. Kwanza, badili jambo moja kwa wakati mmoja, utumie siku mbili tatu ndipo uguse lingine. Pili, kabla ya kugusa faili la mipangilio, fanya nakala yake, ili pakiharibika urudishe ya awali. Tatu, fungua jina la pili la mtumiaji kwenye kompyuta hiyo hiyo, uwe unajaribia sura na rangi humo. Lakini jua kwamba yale ya mfumo mzima, kama mahali ulipo, hugusa majina yote. Nne, weka daftari la karatasi, kwa sababu maelezo yaliyomo ndani ya kompyuta hayatakusaidia siku itakapokataa kuwaka.

Mfumo wangu nimeurudisha Dar es Salaam. Saa ya utepe peke yake ndiyo niliyoiacha na hesabu ya Kiswahili, ila nimeitoa Buenos Aires. Mwisho wa Desemba 2007 Argentina ilisogeza saa zake mbele ili kubana matumizi ya umeme. Wakirudia, saa yangu ya Kiswahili itasogea nao bila mimi kuulizwa. Badala ya mji nimetumia hesabu tupu inayoandikwa Etc/GMT+3. Angalia sana alama hiyo: katika orodha hiyo jumlisha maana yake ni nyuma ya Greenwich, kinyume cha tulivyozoea. Hilo nalo nililigundua baada ya kukosea mara moja, na limo daftarini.

Mzee anatarajia kurudi Dar es Salaam mwezi ujao, na amenikubalia tena. Safari hii nimeandika kwa maneno, katika karatasi, na kuibandika ukutani: saa nne asubuhi.

Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.