Shaba Inapopanda Kichwani

Kijana wa miaka 17, aliyesifiwa darasani kwa mwandiko, anaanza kuandika herufi zilizobanana, zinazoruka mstari. Akishika kikombe, chai inamwagika. Maneno yanamtoka kwa kuburuza, mate yanamchuruzika, na hasira zinampanda kwa jambo dogo. Mwalimu atasema ni uvivu. Majirani watasema ni bangi, au karogwa. Daktari wa mishipa ya fahamu ataulizia ini.

Kila mwili unahitaji shaba kidogo, nayo tunaipata kwenye chakula. Inayozidi, ini huitoa kupitia nyongo. Kazi hiyo hutegemea jeni ya ATP7B, iliyogunduliwa mwaka 1993. Mtoto akirithi jeni yenye hitilafu kwa baba na kwa mama pia, shaba hukosa pa kutokea. Hurundikana kwenye ini miaka na miaka, kisha huingia kwenye damu na kutua ubongoni, hasa kwenye viini vya ndani vinavyoratibu miondoko ya mwili. Huu ndio ugonjwa wa Wilson, uliopewa jina la Samuel Kinnier Wilson, aliyeueleza akiwa London mwaka 1912.

Mwambie mgonjwa anyanyue mikono pembeni, viwiko vimekunjwa: huenda ikapigapiga kama mbawa za ndege. Wengine hukakamaa misuli, uso ukaganda kwenye tabasamu lisilo na furaha. Kisha mtazame macho. Wengi waliofikia hatua hii wana pete ya rangi ya kahawia au kijani kwenye ukingo wa konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho. Hiyo ni shaba, na daktari wa macho huiona vizuri zaidi kwa darubini yake. Vipimo vya damu na mkojo wa saa 24 husaidia kuthibitisha.

Habari njema ni kwamba ugonjwa huu unatibika. Tangu 1956, John Walshe alipoleta penisilamini, zipo dawa za kuiondoa shaba mwilini. Zinki nayo huizuia isifyonzwe tumboni. Dawa ni za maisha yote. Wapo ambao mtetemeko huzidi mwanzoni. Warudi kwa daktari, wasiziache wenyewe.

Na mgonjwa asiende kliniki peke yake. Kila ndugu yake wa baba na mama mmoja ana uwezekano wa 1 kati ya 4 kuwa na ugonjwa huohuo. Apimwe pia mdogo wake, ambaye mwandiko wake bado unasifiwa.