Kunguru Niliyemsingizia Hewani

Juma lililopita nilimsingizia ndege. Tulikuwa tukizungumzia uharibifu wa kunguru wa Kihindi, nami nikarusha hewani mlio niliourekodi mwenyewe karibu na stesheni ya Kilosa. Nikasema kwa kujiamini, "Mwizi wetu ndiye huyu." Kipindi hakijaisha, mzee mmoja wa Mikumi akapiga simu. "Mwanangu," akasema, "huyo uliyemrusha ni mwenyeji. Mgeni hana sauti nene namna hiyo."

Nilisikiliza tena, nikaona haya. Kosa lenyewe si dogo. Tangu miaka ya 1990, kazi ya kuwapunguza kunguru wa Kihindi kwa mitego na sumu imekuwa ikifanywa kwa vipindi Unguja na Dar es Salaam. Mtu akinisikia mimi, akaenda kumwekea chambo kunguru asiye na hatia, lawama ni yangu.

Huyu mgeni aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Taka alikula, lakini akala pia mayai na makinda ya ndege wengine, na vifaranga vya kuku. Alivuka hadi bara, akaenea pwani, kisha akafuata watu na majalala yao hadi Morogoro na Dodoma. Pale anaposhamiri, kunguru mwenyeji hufukuzwa. Nadhani hata yule kunguru mwoga wa methali yetu, anayekimbiza ubawa wake, ni mwenyeji. Mgeni nimemwona akinyakua samaki mkononi mwa mchuuzi.

Sasa tuje kwenye sauti. Mgeni hulia "kaa, kaa", mlio mkavu, mwembamba, unaopitia puani, na huurudia haraka haraka kama mtu anayegombana. Wakiwa wengi jioni mtini, hapasemezeki. Mwenyeji, yule mwenye kifua na shingo nyeupe kama aliyevaa fulana, sauti yake ni nzito na yenye mkwaruzo: "krrah... krrah". Sikiliza hiyo "r" inavyosaga kooni, mgeni hana. Tena mwenyeji akitulia hutoa mlio wa ndani, "klok, klok", kama maji yanayotoka katika chupa yenye shingo nyembamba. Ukisikia huo, usiwe na shaka.

Kilosa ina mtihani wa ziada, kwa sababu mji uko chini ya milima ya Rubeho na Ukaguru, na huko juu yuko kunguru wa tatu. Huyu ni mkubwa kupita wote, mdomo mnene wenye ncha nyeupe, mkia mfupi, na baka jeupe kisogoni tu. Kifua chake ni cheusi. Kwa umbo lake ungetazamia angurume, kumbe sauti yake ni ya juu, yenye pumzi nyingi, kama ya mtu aliyepotewa na sauti baada ya harusi.

Jumamosi nilikwenda Mikumi kumwomba radhi yule mzee. Tulikaa asubuhi nzima mahali malori yanaposimama, palipo na mabaki ya chakula tele. Mji huu uko kando ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, na mgeni akijizatiti hapa, viota vya ndege wa hifadhini vitakuwa jirani tu. Basi tulisikiliza kwa makini. "Krrah" zilikuwa nyingi. Kisha, nyuma ya mabanda, ukatoka mlio mwembamba wa puani. Nikasimama haraka. Mzee akanishika mkono, "Tazama kwanza."

Tulizunguka, tukamkuta kinda wa kunguru mwenyeji, kifua cheupe, mdomo wazi, akimdai mamaye chakula. Makinda huwa na sauti nyembamba, na hapo sikio peke yake halitoshi. Kwa hiyo ukishasikia, tafuta shingo: mgeni ana shingo na kifua cha kijivu, naye ni mwembamba kuliko mwenyeji, hana weupe popote.

Mlio mtakaousikia jioni hii nimeurekodi upya, Dar es Salaam, soko la samaki la Feri. Safari hii nilimwona shingo kabla sijabonyeza kitufe, na yule mzee wa Mikumi ameshausikiliza kwa simu.