Kutoka kiwanda cha mizinga Urusi hadi kwa fundi wa Ukunda

Ukishuka barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, pale Ukunda hata kufika Msambweni, hukosi kuona cheche zikiruka kando ya njia. Ni fundi anachomelea geti, dirisha au fremu ya tuktuk. Twapita tu, wala hatujiulizi kazi hii ilianzia wapi. Ilikulia ndani ya kiwanda cha mizinga huko Urusi.

Kiwanda hicho ni Motovilikha, katika mji wa Perm karibu na milima ya Ural. Kilianzishwa 1736 kuyeyusha shaba. Katika miaka ya 1860 serikali ya mfalme wa Urusi ilitaka mizinga ya chuma cha pua iliyotengenezwa nyumbani, na Motovilikha ikageuzwa kuwa kiwanda cha silaha na mitambo mizito.

Penye mitambo mizito hapakosi chuma kuvunjika. Mhandisi wa hapo, Nikolai Slavyanov, alitafuta njia ya kukiunga bila kukitupa. Mvumbuzi mwingine, Nikolai Benardos, alikuwa tayari amechomelea kwa umeme akitumia kijiti cha kaboni. Mwaka 1888 Slavyanov alitumia kijiti cha chuma, ambacho chenyewe huyeyuka na kuziba ufa. Mwaka 1893 kazi yake ilipata medali katika maonyesho ya dunia ya Chicago. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, Oscar Kjellberg wa Sweden akakipaka kijiti ganda linalokinga chuma kilichoyeyuka kisiharibiwe na hewa. Ndicho kijiti tunachonunua dukani leo.

Hapa ndipo Kwale inapoingia. Ganda la vijiti vingi vya kazi ndogondogo hutengenezwa kwa madini ya rutili. Tangu 2013 hadi Desemba 2024, rutili ilichimbwa hapa kwetu pamoja na ilmeniti na zirkoni, ikapakiwa melini Likoni kwenda ng'ambo. Mchanga ulitoka kwetu, vijiti twanunua.

Motovilikha ina mtoto wa pili aliyefika Afrika Mashariki, naye hakuja kuunga. Kuanzia 1964 kiwanda hicho kilitengeneza Grad, mtambo wa roketi unaopandishwa juu ya lori. Una mitutu 40, na roketi zote huondoka kwa sekunde zipatazo 20, zikafika umbali wa kilomita 20. Haulengi mtu mmoja. Hufagia eneo zima. Jeshi la Tanzania liliutumia katika vita vya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin, na Waganda wakaupa jina la Kiswahili, Saba Saba. Walioishi wakati ule hawajausahau mlio wake.

Mwaka 2018 kampuni ya Motovilikha ilitangazwa kuwa imefilisika, pamoja na ukongwe wake wote. Lakini ufundi wa Slavyanov haukufilisika, kwa kuwa haukuwa mali ya kiwanda tena. Ulikuwa mikononi mwa watu, hata mikononi mwa kijana wa Ukunda.

Jambo hili latuhusu sasa. Mgodi umefungwa, na vijana wengi waliokuwa wakiutegemea wanatafuta la kufanya. Mtambo huja ukaondoka; ufundi hubaki na mwenyewe. Serikali ya kaunti na wazazi wakitilia nguvu vyuo vya ufundi, kijana atakuwa na kitu ambacho hakuna kampuni itakayokifunga.

Na fundi naye ajilinde. Mwanga wa kuchomelea una miale inayounguza macho, na miwani ya jua haitoshi kuizuia. Avae ngao ya uso yenye kioo maalumu cha kazi hiyo. Jicho likishaungua, hakuna kijiti cha kulichomelea.