Manze, huyu chozi ana mabinamu watatu tu!

Ushawahi cheki kandege ka kijani, tumbo njano, kakidonoa maua kwa ua la ploti? Hako ni chozi, jina la kisayansi Hedydipna collaris. Jenasi yao ina spishi nne pekee. Kitambo wataalamu waliwaweka kwa Anthreptes juu ya mdomo mfupi, baadaye wakawapea jenasi yao. Wawili madume wao huota mkia mrefu msimu wa kutongoza (swagga hadi kwa ndege!).

Lakini mwenye ako kwa noma ni chozi wa Amani. Kenya yuko Pwani, Arabuko-Sokoke na Dakatcha, anatafuta wadudu na nekta juu kabisa kwa mirihi. Hiyo mirihi ndiyo wasee wanakata kuchoma makaa.