Mvua ya Mawe: Kabla ya Kukagua Shamba, Kagua Ukuta Unaolala Pembeni Yake



Msimu uliopita kijana mmoja ninayemhudumia alivuna mpunga vizuri, akanipigia simu. "Bwana shamba, hela ninayo. Ninunue pampu au niongeze majaruba?" Zamani ningemjibu hapohapo. Safari hii nikamuuliza kwanza: nyumba unayolala na mke na watoto umejenga kwa nini? Akacheka. "Tofali mbichi, Bwana shamba. Si ndiyo nyumba zetu huku?"

Ndiyo. Na ndiyo maana naandika haya.

Wengi mnakumbuka Mwakata. Usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe na upepo mkali vilipiga kata hiyo ya wilaya ya Kahama. Watu zaidi ya 40 walifariki. Nyumba za udongo zililowa zikawaangukia watu wakiwa ndani. Mifugo ilikufa, mazao yakalala chini, na Rais Jakaya Kikwete alifika kuwapa pole wafiwa.

Elewa jinsi inavyokuwa. Tofali mbichi ni udongo uliokauka tu. Likilowa linarudi kuwa tope. Mawe ya mvua yanarundikana chini ya ukuta, yanaziba njia ya maji, halafu yanayeyuka taratibu palepale. Ukuta unalainika kuanzia chini, huku juu upepo unanyanyua bati. Paa likitoka, ukuta hauna tena cha kuushikilia.

Sisi maafisa ugani tuna kosa hapa. Tukija kwako tunakagua mahindi na pamba, tunaaga, tunapanda pikipiki. Ukuta hatuuangalii. Lakini shamba bila mkulima si shamba.

Fanya haya kabla ya Novemba

- Msingi uwe wa mawe, uinuke juu ya ardhi angalau futi moja na nusu. Kama nyumba imeshajengwa, piga lipu ya saruji sehemu ya chini ya ukuta.
- Chimba mtaro kuzunguka nyumba, kama mita moja kutoka ukutani, uelekee bondeni. Usafishe kila mwezi wa mvua.
- Paa lichomoze nje ya ukuta angalau nusu mita.
- Funga mbao za paa kwa waya unaoshuka hadi ndani ya ukuta. Yale mawe tunayoweka juu ya bati yatoe. Upepo ukija yanaangukia watu.
- Ukipata hela, jenga walau chumba kimoja cha tofali za kuchoma. Pumba za mpunga zinachoma tofali vizuri, huna haja ya kumaliza miti.
- Panda miti upande unakotoka upepo, lakini isiwe karibu kiasi cha kuangukia nyumba.

Dhoruba ikikukuta

Kubalianeni mapema familia nzima inakimbilia chumba kipi. Kama kwenye mji wenu hakuna nyumba imara, ongea na jirani mwenye nayo sasa hivi, jua likiwa linawaka. Ukisikia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa redioni unataja mvua kubwa, watoto walale huko mapema.

Ukuta ukianza kulowa chini au kupasuka, toka. Funika vichwa vya watoto kwa sufuria, beseni au godoro, mwende kwenye chumba imara. Usiegemee ukuta na usijifiche chini ya mti, radi zipo. Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi mjini Geita wakiwa shuleni. Na usitoke kufuata ng'ombe. Najua ng'ombe kwetu ni benki, ila ng'ombe hununuliwa.

Kwa ninyi wa Geita mnaolima huku mnachimba: mvua ikinyesha kaa mbali na maduara. Kingo zinaporomoka, na shimo la zamani likijaa maji, usiku linaonekana kama dimbwi tu.

Kukicha

Usirudi kulala kwenye nyumba yenye ufa. Ukuta uliolowa unaweza kuanguka hata siku zinazofuata. Hesabu watu kwanza, toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji, ndipo uende shambani.

Huko usikimbilie kung'oa. Mahindi machanga yenye majani matano au sita, kiini chake cha kukulia bado kiko ardhini au karibu nayo. Subiri siku 7 hadi 10. Ukiona jani jipya la kijani katikati, yaache. Yaliyokwisha kutoa mbelewele na majani yamechanika yote, usitegemee mavuno mengi. Mengine kata yawe malisho ya ng'ombe. Pamba iliyokatika ncha huweza kuchipua pembeni, ila itachelewa kukomaa. Kwenye majaruba, punguza maji yaliyofunika mpunga.

Yule kijana nilimwambia: weka msingi kwanza, pampu baadaye. Hakufurahi. "Bwana shamba, msingi hauniletei hela." Nikamjibu kwamba pampu nayo haiwezi kumlea mtoto wake. Akakata simu.

Wiki mbili baadaye alinitumia picha. Lori lilikuwa limemwaga mawe mbele ya nyumba, na mke wake amesimama pembeni na mifuko minne ya saruji. Majaruba hakuongeza. Pampu anasema atanunua msimu ujao.

Na wewe, kabla mvua hazijaanza, zunguka nyumba yako leo jioni. Angalia chini ya ukuta.