Mwenzi wa ndoa anapougua akili: siri inayoielemea familia

Mume akilazwa kwa malaria, majirani hufika na uji na maneno ya pole. Akiugua akili, mlango hufungwa, na mke huambiwa asitoe siri ya nyumba. Ukimya huo, unaodhaniwa kuwa ni stara, mara nyingi ndio unaoielemea familia.

Mfano ni ugonjwa wa baipola, unaomfanya mtu achangamke kupita kiasi kwa siku au wiki kadhaa, kisha wakati mwingine azame katika huzuni nzito. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kuwa watu milioni 40 walikuwa na maradhi hayo mwaka 2019.

Mara nyingi mwenzi ndiye wa kwanza kuziona dalili. Mgonjwa halali, husema kwa kasi, hukopa na kununua bila kiasi, naye huapa kuwa hajambo kuliko siku zote. Huzuni ikimshika hawezi hata kuoga, na ada za shule pamoja na madeni humwangukia mwenzake.

Wataalamu wanaeleza kuwa chanzo ni mchanganyiko wa urithi, mabadiliko katika ubongo na misukosuko ya maisha. Si ukorofi wa mgonjwa, wala si kosa la mke, hata mawifi wakinong'ona vipi.

Matibabu yapo. Lithiamu, ambayo daktari John Cade wa Australia aliripoti manufaa yake mwaka 1949, ingali inatumika. Hata hivyo, ikizidi mwilini ni sumu, hivyo mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara. Mwili ukipungukiwa maji kiwango chake huweza kupanda, na kwa sababu hiyo anayekusudia kufunga Ramadhani amwone daktari kwanza. Kuiacha ghafla kwa kuwa nafuu imepatikana ni kuukaribisha ugonjwa urudi.

Majina ya Mathari, Mirembe na Butabika yamegeuzwa mzaha mitaani, ilhali hizo ni hospitali ambako watu hutibiwa wakarejea makwao.

Mapatano wakati wa nafuu

Wanandoa wapatane mapema, mgonjwa akiwa na utulivu: nani atashika fedha, dalili zipi ni za hatari, na ndugu yupi ataitwa. Watoto waelezwe kwa lugha nyepesi kuwa mzazi anaumwa na kwamba wao hawana kosa.

Mgonjwa akizungumzia kujiua, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali mara moja. Pakiwa na kipigo, mwenzi na watoto waondoke kwanza mahali salama, kwani uvumilivu haumlazimishi mtu kuhatarisha maisha.

Walio ughaibuni, mbali na shangazi na wajomba, hubeba mzigo huo kwa upweke zaidi. Nchini England, sheria ya mwaka 2014 inampa mtu mzima anayemuuguza mwenzake haki ya kuiomba halmashauri itathmini mahitaji yake mwenyewe.

Anayeuguza naye ana haki ya kulala, kupumzika na kuwa na mtu mmoja, angalau, wa kumweleza ukweli. Kumtunza mgonjwa ni wajibu. Kumficha si sehemu ya wajibu huo.