Kodi, Spika na Rufaa kwa Kaisari

Mchango unapotangazwa mtaani, Sombetini hapa Arusha au kwingineko, akatokea muumini wa kuuliza risiti iko wapi, hakosi mtu wa kumfunga mdomo kwa Warumi 13: mamlaka imewekwa na Mungu, lipa unyamaze. Nusu ya kwanza ya jibu hilo ni ya Paulo. Nusu ya pili tumeiongeza wenyewe.

Paulo aliwaandikia Warumi yapata mwaka 57, Nero akiwa amekalia kiti cha enzi. Jambo la kila siku analolitaja hapo ni kodi na ushuru, na halikuwa jambo dogo: mwanahistoria Tacitus anaeleza kwamba mwaka 58 malalamiko dhidi ya watoza ushuru yalimfikia Nero mwenyewe. Katikati ya manung'uniko hayo, Paulo anawaambia waumini walipe.

Lakini msomeni Paulo huyohuyo katika Matendo. Katika mji wa Filipi alipigwa viboko na kutiwa gerezani bila kuhukumiwa. Kulipokucha wakubwa wakatuma watu wamwachie kimyakimya. Akagoma kutoka mpaka waje wenyewe, kwa kuwa alikuwa raia wa Roma na sheria ilimlinda. Huko Kaisaria, alipoona haki inapindishwa, alikata rufaa kwa Kaisari. Hakuona kwamba kudai haki kwa njia ya sheria ni uasi. Petro naye, alipokatazwa kuhubiri, alikataa waziwazi, kisha akapigwa bila kuinua mkono.

Hapa kwetu mfano mkubwa uko ng'ambo ya Mlima Meru. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa Wameru Engare Nanyuki, takriban watu 3,000, ili ardhi iwe ya walowezi wa kizungu. Kufikia wakati huo, Ulutheri ulikuwa umeota mizizi Meru kwa karibu nusu karne. Watu walikataa kuhama kwa hiari, ila hawakushika mikuki. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, kwa hiyo juu ya gavana kulikuwa na mlango mwingine wa kubisha. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika New York, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, akaieleza dunia yaliyotokea. Sitadai kwamba alisafiri na Warumi 13 mfukoni. Ila njia aliyopita ni ileile ya Paulo: ukidhulumiwa na liwali, mwendee aliye juu yake. Katika Baraza Kuu azimio la kuwatetea lilikosa theluthi mbili ya kura, lakini kwa kesi hiyo Tanganyika ilijifunza kuzungumza na dunia, miaka mitatu kabla Nyerere hajasimama kwenye ukumbi wa Umoja huo.

Turudi mtaani. Mgambo anayedai ushuru bila stakabadhi hatekelezi Warumi 13, anakula. Kumpa "ya soda" ili yaishe si utii, ni kushirikiana naye.

Na sisi wa kanisani tusijisahau. Kanuni za kudhibiti kelele zipo tangu mwaka 2015, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, imezionya nyumba za ibada mara kadhaa. Hata hivyo mkesha unapigwa kwa spika zilizoelekezwa barabarani, mama mwenye kichanga nyumba ya pili hapati usingizi, na mjumbe akija kulalamika anaambiwa anapigana na Mungu. Kwangu huo ni utovu wa utii ulio wazi kuliko wa anayeuliza risiti. Hakuna aliyetukataza kuomba. Tumeombwa kupunguza sauti.

Basi msomaji, ushuru halali ukidaiwa, lipa na udai stakabadhi. Ukinyimwa, mwone mtendaji wa kata. Ukikwama hapo, piga TAKUKURU, namba 113, haitozi hata senti. Na kama wewe ndiye fundi mitambo wa mkesha, geuzia spika ndani.